Walisema Dada Hakumaliza Dozi

Dada yangu alikiri kosa ambalo hakulitenda. Alilikiri mbele ya watu kumi na saba, amekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani kuficha upara, na mimi nilikuwepo. Nimeandika sentensi hizi mara nyingi nikazifuta. Safari hii naziacha.

Nieleze tulifikaje hapo.

Dada alinizidi miaka kumi na minne. Mama alipofariki akatuacha mabinti wawili, ni yeye aliyenilea, kule Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye migomba na mikarafuu ya ukoo wetu. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa baiolojia, nikahamia Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda mlima. Yeye alibaki na jembe. Hakuwa mtu mpole. Mtoto akipewa dawa ya malaria nyumbani kwake, alisimama mbele yake mikono kiunoni. "Meza. Fungua mdomo. Ulimi juu. Haya, nenda." Na kidonge cha mwisho kilimezwa hata kama homa iliisha juzi.

Uvimbe aliugundua akioga. Hakuuficha, na hilo nalisema makusudi. Kesho yake aliteremka mpaka kwangu na mkungu wa ndizi kana kwamba amekuja kunisalimia tu. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za shule, kisha akasema, "Mdogo wangu, nipe mkono wako." Akauweka chini ya titi lake la kushoto. Kilikuwa kitu kigumu, ukubwa wa pera changa, na hakikusogea nilipokibonyeza.

Wiki ile ile tulikuwa hospitali. Walikata kinyama wakakipeleka kupimwa, na majibu yalipotoka, saratani ya titi, tukaambiwa matibabu yako Dar es Salaam. Ndivyo tulivyoanza safari zetu za kila wiki tatu, asubuhi, kwa treni ya umeme kutoka Kihonda. Aliipenda ile treni kwa sababu haikumtikisa.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa nyekundu kama juisi ya rosela. Nesi alikaa naye bega kwa bega, akiisukuma ndani ya mshipa taratibu, tone kwa tone, kwa kuwa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Msomaji alishike hilo. Hakuna mgonjwa anayeiweka dawa ya namna hiyo chini ya ulimi akaenda kuitema nyuma ya nyumba. Dada aliiona ikiingia, nesi aliiona ikiingia, na mimi niliyekaa kwenye kiti cha plastiki niliiona ikiingia mpaka bomba la sindano likabaki jeupe. Akienda haja ndogo mkojo unatoka mwekundu. Nywele zikadondoka. Alitapika mpaka nikawa natembea na mifuko kwenye pochi yangu kama konda wa basi la mkoani.

Baada ya awamu ya pili akaniita tena chumbani. "Shika." Pera lilikuwa limekuwa karanga. Nilishika upande huu, nikashika upande ule, sikuamini. Tulicheka wawili sisi kama watoto, akaniamuru nipike pilau, akala sahani nzima.

Kabla ya awamu ya tatu mvua zilinyesha mpaka mlima ukateremka na kuziba barabara ya Kinole. Dada alikwama huko. Alinipigia simu akilia kwa hasira, akitukana matope. Tulichelewa siku nane. Tulipofika, daktari wake, mwanamke kijana mwenye sauti ya mikwaruzo, aliangalia kalenda akasema, "Siku nane hazina shida, mama. Hata sisi huwa tunawarudisha watu nyumbani wiki nzima damu ikiwa chini." Nilisikia kwa masikio yangu. Naiandika kwa sababu baadaye siku hizo nane ziligeuzwa ushahidi.

Baada ya awamu ya nne karanga ilirudi kuwa pera. Likamwota na lingine kwapani. Daktari hakukata tamaa, akabadilisha dawa. Hii ya pili ilikuwa haina rangi, asili yake gamba la mti wa nchi za baridi, haihusiani kabisa na ile nyekundu. Mimi mwalimu wa baiolojia nilijiambia: sawa, zile seli zimeizoea ya kwanza, hii hazijawahi kuiona. Itazikuta zimelala. Lakini haikufanya chochote. Awamu mbili zilipita na uvimbe ulikua kama vile tunaumwagilia maji.

Siku ya majibu nilikuwa nasimamia mitihani, na dada alisema haina haja, atakwenda mwenyewe. Daktari wetu hakuwepo. Alikuwepo mwingine, foleni ilikuwa imefika nje, na huyo alimwambia akiwa amesimama kwenye korido, faili mkononi: "Mama, saratani yako imeshakuwa sugu. Dawa zote mbili zimeshindwa. Ni usugu wa dawa. Rudi wiki ijayo tuone."

Dada alilibeba neno hilo peke yake mpaka Kinole.

Na neno usugu nchini kwetu lina maana moja tu. Liko kwenye bango la zahanati, mchoro wa vidonge na maneno makubwa: maliza dozi. Liko redioni. Liko darasani kwangu. Kwa miaka mingi nimeuliza wanafunzi wataje sababu za usugu wa dawa, na mtoto akiandika "mgonjwa kutomaliza dozi" nampa vema nyekundu. Kwa vijidudu, jibu hilo lina ukweli wake. Lakini hakuna hata siku moja niliyowaambia kuwa kuna usugu mwingine, unaoanzia ndani ya nyama ya mtu mwenyewe, bila mtu yeyote kukosea.

Kwa hiyo nilipopata habari, Kinole nzima ilikuwa imeshatoa hukumu. Hakumaliza dozi. Alichelewa. Alikuwa anatupa vidonge. Wengine walijua mpaka mahali alipovitupa.

Ningependa kusema kwamba mimi nilisimama upande wake tangu mwanzo. Sikusimama. Alikuja kwangu Bigwa kupumzika, na alipoingia bafuni nilifungua mkoba wake. Nilikuta karatasi ya vidonge ambayo haijaisha. Nilisoma maandishi: ni vidonge vya kuzuia kutapika, imeandikwa ameze akihisi kichefuchefu. Nilisoma nikaelewa. Na bado, alipotoka na kanga kifuani, nilikuwa nimevishika mkononi.

"Dada, hivi mbona vimebaki?"

Aliniangalia. Akakaa kitandani, akafuta mguu mmoja, akafuta mwingine, katikati ya vidole, polepole.

"Vya kutapika hivyo. Sikutapika." Kisha akasema, "Na wewe, mwalimu?"

Hakuwahi kuniita mwalimu. Kwa hiyo kabla sijamkasirikia mtu mwingine, ninayo siku hiyo ya kujikasirikia mwenyewe.

Kikao cha ukoo kiliitwa Kinole, Jumamosi. Sisi Waluguru tunahesabu kwa upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wetu, mdogo wake mama, si mtu mjinga, na nadhani hapo ndipo palipoleta balaa. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini. Alipita nyumba kwa nyumba na kitabu chake akigawa vyandarua na kuwakemea watu wamalize dozi. Ameokoa watoto wengi, hilo silikatai. Basi alipokaa kwenye kigoda siku ile alikaa kama mtaalamu.

"Tumesoma dua Ijumaa nne," alisema. "Dua haipandi kama mwenye jambo hajasema ukweli. Mwanangu, hapa hakuna atakayekupiga. Ulichelewa dawa au hukuchelewa?"

"Nilichelewa siku nane, mjomba. Mlima ulishuka."

"Ulichelewa. Na vidonge, ulimeza vyote?"

"Dawa yenyewe siyo vidonge."

"Nimekuuliza vidonge."

"Vya kutapika vilibaki."

Watu wakaguna. Nikasema, "Shikamoo mjomba, naomba niseme. Dawa ya kansa anayopewa dada inaingia kwa mshipa, nesi yupo pale—"

"Marahaba. Mwalimu, subiri. Hapa siyo darasani."

Nikasubiri. Ndiyo, nilisubiri, kwa sababu mpwa hamkatizi mjomba wake mbele ya ukoo, kwa sababu nimelelewa hivyo, na aliyenilea hivyo ni yule aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Nilisubiri na muda wa kusema ukapita. Dada aliinamisha kichwa.

"Nimekosa," alisema. "Nilichezea dawa. Nisameheni."

Wanawake walipumua. Mmoja alifuta machozi akasema alhamdulillahi. Mjomba akamshika kichwa akamwombea, na sauti yake ilikuwa na huruma kweli kweli, jambo ambalo hadi leo linanichefua kuliko kama angemtukana. Halafu wakaleta wali na maharage ya nazi. Watu wakala! Walikuwa na njaa, kikao kilikuwa kirefu, wakala wakaongezewa. Wamemtoa mgonjwa uongo mdomoni, wakanawa mikono, wakala.

Tulipokuwa tunarudi Bigwa, kwenye gari la jirani tuliloazima, nilimuuliza kwa nini.

"Mgongo ulikuwa unaniuma pale chini," alisema. "Nilitaka kuinuka. Wewe ulinyamaza, mwingine angesema nani?"

Tulipofika Kiroka nilimkunjia kanga mgongoni aegemee.

Jumatatu yake tulipanda treni, na safari hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Daktari wetu alikuwa amerudi. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia, "Mmemwambia dada yangu kuwa amekuwa sugu. Mmelitupa hilo neno kwenye korido, yeye akalibeba mlimani peke yake, na kule wamemhukumu nalo. Ametubu kwa kosa ambalo hajalifanya. Nani atalifuta?"

Dada alinivuta nguo. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Una haki." Nilitamani ajitetee. Nilikuwa na maneno mengi bado.

Alifunga mlango, akavuta kiti akakaa karibu na dada, siyo upande wa pili wa meza, akachora duara kwenye karatasi.

"Mama, hii ni seli moja ya uvimbe wako. Zipo mamilioni, na hazifanani. Kila zikigawanyika zinakosea kidogo, ndiyo maana kila moja ina tabia zake. Chache kati yake, pengine tangu kabla hujafika hapa, zilikuwa na pampu nyingi kwenye ukuta wake." Akachora vitundu kuzunguka duara. "Dawa nyekundu ikiingia, pampu inaitupa nje kabla haijafanya kazi. Zisizo na pampu zilikufa, ndiyo maana uvimbe ulinywea. Zenye pampu zilibaki. Zikapata nafasi, zikazaana."

"Na ile nyingine? Ile ya mti?" dada akauliza.

"Pampu haichagui. Inatupa nje dawa za aina nyingi, hata zisizo na undugu wowote. Zile seli zilijifunzia kwenye nyekundu, ya mti ikakuta zimeshajiandaa."

"Kwa hiyo zinatapika dawa."

"Ndiyo, mama. Zinatapika."

"Mimi natapika, na zenyewe zinatapika," dada alisema, akacheka kwa pua. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya pilau.

Daktari alimwambia pia kuwa pampu siyo njia pekee. Kuna seli zinazojikarabati haraka dawa ikishaziumiza, na kuna zinazokataa kufa hata zikiharibika. "Kwako sijui ni ipi hasa, au ni zote kwa pamoja. Kipimo cha kuonyesha hilo hatuna hapa, nisikudanganye. Ninalojua ni kwamba zilizo sugu ni seli. Siyo wewe."

"Na zile siku nane?"

"Hazihusiki."

"Na kama ningelala hapa hapa hospitalini, kila siku, nisiende popote?"

"Ingekuwa hivi hivi."

"Rudia."

Daktari akarudia. Ndipo dada alipolia. Miezi yote ile ya sindano hakulia mbele ya mtu, lakini kwa neno hilo alilia mpaka kitambaa kikamteleza kichwani na hakukirudisha.

Niliomba daktari aseme tena huku simu yangu ikirekodi, na dada akakubali. Nilienda Kinole peke yangu siku ya pili, kwa pikipiki, mgongo umejaa vumbi. Nilimkuta mjomba anaanika karafuu uani. Nilimsalimia, nikaweka simu juu ya kigoda, nikabonyeza. Alisikiliza ameinamisha sikio. Akaniomba nirudie. Sauti ya daktari ilisema mara ya pili, waziwazi, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angekielewa, kwamba mgonjwa hana kosa.

Mjomba akaendelea kutandaza karafuu kwa kiganja.

"Nimeelewa," alisema. "Hayo ni mambo ya kitaalamu. Lakini kuchelewa, alichelewa."

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima maishani mwangu. Nilimwambia amemlazimisha mtu anayekufa kusema uongo ili yeye apate usingizi. Nilimwambia anapenda kosa liwe la mtu, kwa sababu likiwa la mtu yeye anaweza kukaa kwenye kigoda, na likiwa la seli hana kazi. Majirani walitoka. Yeye hakuniambia ninyamaze. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, kama siyo kosa lake, basi inaweza kumpata yeyote."

"Ndiyo!" nilisema. "Ndiyo, mjomba! Yeyote!"

Nadhani alikuwa anaogopa. Nimelifikiria hilo sana. Halijanipunguzia kitu.

Dada alipewa dawa ya tatu, ya vidonge safari hii, na alivimeza vyote kwangu Bigwa, kwa saa, akiniita nije nione. "Njoo ushuhudie, mwalimu." Sasa alisema mwalimu kwa utani, lakini nilikuja kila mara, nikashuhudia. Vidonge vilitupatia miezi mitano. Katika miezi hiyo aliweza kukaa barazani na kumenya viazi, akanifundisha mapishi ambayo sikuwa nimejali kuyajua. Mjomba alikuja mara mbili. Alileta ndizi, alikaa naye, wakaongea habari za msimu. Hakuomba radhi, na dada hakudai. Nilimuuliza kama amemsamehe. "Sina nafasi ya kumbeba," alijibu. Sijui kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Alifariki saa tisa alasiri, kitandani kwangu. Tulimzika Kinole kesho yake. Makaburini, kabla udongo haujatulia, nilisikia mwanamke nyuma yangu akimwambia mwenzake kwa huruma, "Maskini, angemaliza tu dozi." Niligeuka. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma: "Alimaliza. Kila tone. Dawa ndizo zilizoshindwa." Wanaume upande wa kaburi waliinua vichwa. Shekhe alisita kidogo, akaendelea. Sikuona aibu, na sioni hadi sasa.

Siku ya arobaini, tulipokuwa tunaosha masufuria, mwanamke mmoja jirani, wa umri wangu, alinivuta nyuma ya jiko. Namkumbuka, alikuwepo kwenye kikao, amekaa mlangoni. Aliangalia kushoto na kulia. Akauchukua mkono wangu bila kuniomba, akauingiza chini ya blauzi yake.

Kilikuwa kikubwa kuliko cha dada siku ya kwanza. Kikubwa zaidi, na ngozi juu yake imekunjamana kama ganda la chungwa.

"Tangu lini?"

"Kabla ya kile kikao."

"Kabla ya kikao!" Nilihesabu miezi kichwani. "Mbona hukusema? Mbona hukuja kwangu? Ulikuwa unajua niko Bigwa."

Alitoa mkono wangu, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Niliona walivyomfanya dada yako," alisema. "Nikajiuliza, nikianza dawa zikishindwa, nitakaa na mimi kwenye ule mkeka? Nikaona bora nisianze."

Uani watu walikuwa wanaitikia dua. Mjomba alikuwa katikati yao, mikono ameinua. Nilitaka kumkokota yule mwanamke mpaka mbele yake, nimfungue blauzi, nimwambie mjomba: angalia. Lakini yeye alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeshika kitu cha kuvunjika, akisubiri aone na mimi nitamwambia nini.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Gari lipo barabarani. Tunaenda sasa hivi, na hakuna mtu wa kuagwa."